Kabureta Husingiziwa

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na fundi wa mashine za boti, Kyela

Mvua kubwa za huku kwetu zikishapungua, mashine zilizolala stoo tangu Machi zinatolewa, zinafungwa nyuma ya boti, zinavutwa kamba, na simu yangu inaanza kuita. Barua za mwezi huu karibu zote zinailalamikia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Walioniuliza bei za spea wanisamehe, bei ya leo pale Mbeya mjini si ya kesho.

"Shikamoo fundi. Nina mashine ya HP 15, tustroku (ile ya petroli iliyochanganywa oili), nabeba abiria na vyungu kutoka Ikombe kuja soko la Jumamosi. Asubuhi inawaka vizuri nikivuta choki. Nikirudisha choki inazima. Nikiwahi kufungua mafuta inakimbia kama kawaida, ila nikipunguza ili niegeshe, inakata. Fundi wa hapa ameshaosha kabureta mara mbili, sasa anasema ninunue mpya."
Kijana wa Lyulilo, Matema

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu bado. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya kazi umeshaifanya mwenyewe.

Choki inaziba hewa ili petroli iingie kwa wingi. Injini isiyoweza kuishi bila choki ina upungufu wa petroli, au kuna mahali inavuta hewa ya wizi. Petroli inapimwa na jeti, yaani vipande vya shaba vyenye tundu jembamba. Na kwa kuwa ukifungua mafuta inakimbia, jeti kubwa haina tatizo. Anayeshukiwa ni jeti ndogo, ile inayoilisha injini ikiwa kwenye sailensa (inaponguruma taratibu bila kufunguliwa mafuta), pamoja na vile vitundu vidogo vya pembeni vinavyotokea kwenye koo la kabureta karibu na kibati cha mafuta, kile kinachofunguka ukiongeza mafuta.

Kabla hujashika bisibisi, fanya jaribio lisilo na gharama. Mwache mwenzako ashike usukani, wewe shika lile puto la mpira la kupampia petroli kwenye mpira wa tangi. Mashine ikianza kuzima, bana puto taratibu mara mbili tatu. Ikipata uhai, basi kabureta inasingiziwa: petroli haifiki, na mwenye kosa ni kiwambo cha pampu ya mafuta, filta, au mpira wenyewe. Isipojali hata kidogo, sasa fungua kabureta kwa moyo mweupe.

Mafundi wengi wanafungua bakuli la chini, wanamwaga uchafu, wanapuliza kwa mdomo, wanafunga, wanadai hela. Hapo kabureta imenawishwa uso tu. Jeti ndogo kwenye kabureta nyingi za boti imezama ndani ya nguzo yake, na juu yake kuna kizibo kidogo cha mpira. Asiyekijua hakioni. Muulize fundi wako: kile kizibo ulikitoa? Akianza kukuna kichwa, umepata jibu lako.

Kazi yenyewe iende hivi. Ifanyie nchi kavu, juu ya sinia jeupe, wala si ufukweni. Sindano ya boya ikidondoka kwenye mchanga wa Matema ndiyo mmeagana. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu. Skrubu ya mchanganyiko, ile yenye springi na ncha kali, usiitoe kwanza. Ikaze polepole huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, iguse tu, ukiikandamiza ncha inaharibika na hutaipata sailensa tena maisha yako. Andika hesabu hiyo, ndipo uifungue. Wakati wa kurudisha, irudishe kwa hesabu ileile.

Toa oringi zote, boya na kila kitu cha mpira kabla ya kupuliza dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, kwa sababu dawa hiyo inauvimbisha mpira. Loweka jeti. Kisha nenda kwa fundi pancha akupe hewa ya kompresa, upitishe kila tundu pande zote mbili, na linda macho, maana dawa inarudi usoni. Mwisho inua ile jeti ndogo uielekeze angani uichungulie kwa jicho moja. Unatakiwa kuona duara kamili lenye ukingo safi. Ukiona umbo la mwezi mchanga, bado kuna gundi upande mmoja, rudisha kwenye dawa.

Na hapa nasema kwa ukali: hakuna kuchokoa jeti kwa uzi wa waya wa breki wa baiskeli. Najua kila gereji ina kipande hicho kimening'inia ukutani. Jeti ni ya shaba, waya ni chuma. Ile namba iliyogongwa kwenye jeti ndiyo ukubwa wa tundu lake. Ukishalikwaruza, namba inabaki ileile ila tundu si lile, na kuanzia hapo unarekebisha kitu ambacho hakirekebishiki. Wewe unaishi na wavuvi, tumia mshipi wa nailoni. Chagua mwembamba unaopita, ukate ncha yake kwa mshazari. Nailoni ni laini kuliko shaba, inasukuma uchafu na haiachi alama.

Ukifunga, weka gaskiti mpya kati ya kabureta na injini. Silikoni ya bomba usiipake. Petroli inaila, inavunjika vipande, na vipande vinaenda kukaa palepale ulipotoka kusafisha. Kabureta mpya utainunua siku ukiona mhimili wa kibati cha mafuta unachezacheza kwenye matundu yake, au nyuzi za skrubu zimekatika mwilini mwa kabureta, au chumvichumvi nyeupe imeula ukuta wa bakuli mpaka umechimbika. Nje ya hapo, ile ya zamani mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi.

"Fundi, boti yangu ikitoka Itungi inaenda vizuri kama robo saa, halafu inalegea, inazima. Tukikaa kidogo inawaka tena, inaenda, inalegea. Tumeosha kabureta, tumebadilisha plagi."
Nahodha, Kyela

Fungua kile kiskrubu cha hewa juu ya mfuniko wa tangi. Sikutanii. Petroli ikitoka lazima hewa iingie, isipoingia tangi linajikunja na pampu inashindwa. Mkikaa kidogo, hewa inapenya polepole, ndiyo maana inawaka tena. Siku ikirudia, litazame puto: likiwa limebonyea lenyewe bila kushikwa, kizuizi kiko upande wa tangi. Kama mmeweka dumu badala ya tangi, mfuniko wake hauna njia ya hewa kabisa. Na kama kiskrubu kiko wazi na bado inalegea, kata mpira wa mafuta uutazame kwa ndani. Mipira ya kumwagilia bustani, ambayo naiona kwenye boti nyingi, inavimba ndani kwa petroli ilhali nje inaonekana mizima.

"Kabureta inatiririsha petroli hata mashine ikiwa imezimwa. Moshi mwingi, plagi zinalowa. Tunavua usipa usiku, tunaweka kopo chini likinge."
Wavuvi wanne, Matema

Kopo! Mnavua usipa na karabai inawaka ndani ya boti hiyohiyo, chini kuna kopo la petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mwa boti kutafuta moto. Hata walio na taa za sola wasijipe moyo, cheche ya waya uliolegea inatosha. Mashine hiyo isiingie ziwani mpaka itengenezwe. Leo hii chomoeni mpira wa tangi.

Ugonjwa wenyewe ni mdogo. Ndani ya bakuli kuna boya. Petroli ikijaa boya linapanda, linaisukuma sindano, sindano inaziba mlango. Mlango wenu haufungi. Ama kuna chembe ya uchafu imekaa kwenye kiti cha sindano, ama ncha ya sindano imelika na kuacha mstari wa duara unaouhisi ukipitisha ukucha, ama boya limetoboka. Litoeni boya mlitikise karibu na sikio: likisikika maji ndani, limekunywa petroli, halipandi tena. Sindano na kiti chake vibadilishwe pamoja. Kile kiulimi cha bati kinachobeba sindano msikikunje kwa kubahatisha. Kabureta ikiwa imepinduliwa, bila kukandamizwa, kwa aina nyingi boya linalala sambamba na ukingo wa bakuli. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha mashine yenu. Mkisharudisha, pampuni puto mpaka liwe gumu, subirini. Likibaki gumu na chini pakakauka, kazi imekwisha.

"Habari za kazi fundi. Mimi ni mama mfanyabiashara, nina boti mbili Mtera, upande wa Migoli. Mashine sizijui. Kila mwezi vijana wangu wananiambia 'mama, kabureta', natoa hela ya fundi, natoa hela ya spea. Nitajuaje kama naibiwa?"
Mama wa Boti Mbili, Iringa

Salama, mama, pole na gharama. Huenda huibiwi, au unaibiwa kwa njia usiyoifikiria, ila kwanza ujue jambo moja: kabureta haijichafui. Kila uchafu uliomo umepitia kwenye tangi, dumu, faneli au mpira. Fundi anayeosha kabureta kila mwezi na hajawahi kukuomba uone ndani ya tangi anafuta maji sakafuni na bomba liko wazi.

Nenda Migoli siku ambayo hukuaga. Chukua chupa nyeupe safi ya kioo, waambie wakujazie petroli kutoka chini kabisa ya tangi, kule mpira unakofyonzea, si kutoka juu. Funga, iweke kivulini mpaka kesho yake. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini, utaona mstari kama uliochorwa kwa rula. Kukiwa na maji, tafuta yanakotoka: mfuniko usiokaza, dumu linaloachwa wazi, au tangi linalokaa robo tu miezi yote ya mvua, maana hewa yenye unyevu inaingia mchana, usiku inapoa na kuacha matone kwenye kuta. Kukiwa na vumbi jekundu chini, hilo ni la Isimani, limeingia na faneli. Nunua faneli yenye chujio laini, waifunge kwenye mfuko safi ikimaliza kazi. Weka na filta ya nje yenye bakuli la kioo kati ya tangi na mashine. Hata wewe usiyejua mashine utaona maji yakikusanyika, na kuyamwaga ni kufungua skrubu moja.

Sasa lile la kuibiwa. Nusa petroli. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na pembeni yake tone la petroli uliyonunua mwenyewe kituoni, zote mbili kabla hazijachanganywa oili. Ya kituoni itapotea haraka. Ikiwa ile nyingine inabaki na doa la mafuta linalokawia kukauka, kuna mtu ameongeza mafuta ya taa. Vituoni mchezo huo ulipungua baada ya serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, maana faida ya kuchakachua ilikufa, lakini kwenye dumu la njiani hakuna mkaguzi. Mafuta ya taa yanafanya kuwasha kuwe kugumu, plagi ziwe nyeusi, na injini ikibebeshwa mzigo ipige kokoto. Fundi akiona hayo anaosha kabureta, kwa kuwa ndiyo anayoijua.

Usianze kwa kuwatuhumu vijana, mama. Anza na daftari: lita ngapi zimeingia, tarehe, zimenunuliwa wapi. Na kila spea mpya ikifungwa, ile mbovu uletewe mkononi. Daftari peke yake nimeona likiponya kabureta nyingi.

Boti ikipumzika kwa zaidi ya wiki mbili tatu, waambie wachomoe mpira wa tangi mashine ikiwa inanguruma kwenye sailensa na waiache mpaka izime yenyewe, halafu wafungue skrubu ya kumwagia chini ya bakuli. Kwenye tustroku petroli ikiruka hewani inaacha oili nyuma, oili inakuwa gundi ya rangi ya asali, na gundi hiyo ndiyo inayoziba jeti ndogo ya yule kijana wa Lyulilo hapo juu.

"Shikamoo. Mimi si wa ziwani, ni mkulima wa viazi karibu na Kitulo. Nimenunua Dar pampu ya maji, injini ya petroli HP 5.5, fostroku. Kule dukani ilinguruma vizuri. Huku inatoa moshi mweusi, plagi nyeusi kama masizi, maji inavuta kwa shida. Nimeosha kabureta, haibadiliki."
Mkulima, Makete

Marahaba. Kabureta yako ni safi, mlima ndio umeibadilisha. Jeti ilichaguliwa kwa hewa ya chini. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, hewa ni nyepesi, petroli inayopita kwenye tundu lilelile inakuwa nyingi kuliko hewa iliyopo, haiungui yote, inatoka moshi mweusi. Dawa ni jeti kubwa yenye namba ndogo zaidi, ya miinuko, na urekebishaji wa skrubu ya mchanganyiko. Watengenezaji wa injini hizi wanashauri mabadiliko hayo kwa mtu anayefanya kazi siku zote juu ya mita 1,500, yaani hata watu wa Njombe na Mbeya mjini wamo.

Lakini usitegemee miujiza. Hata ukibadilisha jeti, injini inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Piga hesabu mpaka Kitulo, asilimia 30 imekwenda, HP 5.5 yako inafanya kazi ya HP 4 isiyotimia. Na kufyonza maji nako kunapungua. Pampu ambayo pwani inavuta maji yaliyo mita 7 chini yake, inapoteza mita moja na kidogo kwa kila mita 1,000 unazopanda. Isogeze karibu na mto, isizidi mita 4 juu ya maji, na mpira mrefu uwe wa upande wa kusukuma.

Tena usije ukawakodisha pampu hiyo wakulima wa mpunga kule Usangu ikiwa na jeti ya Kitulo. Huko chini hewa ni nzito, petroli itakuwa pungufu, injini itachemsha na pistoni inaweza kuungua. Jeti ya zamani ifunge kwenye karatasi, iandike, iweke pamoja na plagi ya akiba.

(Wenzangu wa ziwani msihangaike na jeti za miinuko. Nyasa iko mita 475 tu.)

"Naweza kupunguza oili ili kabureta isizibe?"
Msomaji, Mbeya

Hapana. Kitabu kikisema 50 kwa 1, ni mililita 400 kwa lita 20 za petroli, na mashine mpya ikiwa inalainishwa, kama kitabu kinadai 25 kwa 1, ni mililita 800. Oili iwe ya mashine za boti, kopo liandikwe TC-W3, si ile ya pikipiki. Kumbuka kwenye tustroku oili inasafiri ndani ya petroli. Wenye mashine za kabureta mbili au tatu wasikie vizuri: jeti ya kabureta moja ikiziba, silinda ile inakosa petroli na oili kwa pamoja, nyingine zinaendelea kuisukuma, na pistoni inanata huku wewe unadhani boti imechoka tu. Ndiyo maana kabureta zikiwa tatu zinaoshwa zote tatu siku hiyohiyo, hata kama inayosumbua ni moja.

"Nikishaosha kabureta naweza kuijaribu mashine uani kwangu, Tukuyu?"
Fundi mwanafunzi

Unaweza, ndani ya pipa la maji. Toa propela kwanza. Maji yafunike ile bapa iliyo juu ya propela na kuzidi, kwa sababu impela ya mpira ndani ya pampu ya maji inategemea maji hayohayo kujilainisha. Ukiiwasha kavu, hata kwa dakika moja, inaungua. Tazama maji yanatoka kile kitundu cha pembeni kabla hujaanza kugusa sailensa. Acha ipate moto dakika kama tano, ndipo uguse skrubu ya mchanganyiko, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukiipa injini muda wa kuitika kila mara. Na pipa liwe nje, si ndani ya banda. Moshi wa eksozi unaua mtu kimyakimya, na Tukuyu kwa baridi ile najua mnapenda kufunga milango.